Ufunguo Uliogawanywa Kama Nyama

Sehemu ya saba

Wewe unayesoma, ulishawahi kufika kwenye matanga yako mwenyewe, ukapewa kiti cha nyuma?

Papa Émile alifika. Juma lililopita tulimwacha kwenye mlango wa parcelle yake, kiwanja chenye nyumba yake, commune ya Tshopo, begi la samaki wa moshi begani, matope ya Yanonge bado kwenye viatu. Siku kumi alikuwa kule akitafuta mbao za pirogue mpya, mtumbwi wa kuvushia, mahali ambapo telefone haishiki hata ukipanda paa la kanisa. Anarudi nyumbani, anakuta viti vya plastiki vya buluu vimepangwa mistari sita. Bâche, lile turubai la kivuli, imefungwa toka paa mpaka mti wa avoka. Na picha yake mwenyewe, ile aliyopigwa kwenye ubatizo na tai ya kuazima, imesimamishwa juu ya meza katikati ya maua mawili ya karatasi.

Na Chimène, mtoto wa dada yake, amemsogezea telefone mpaka karibu na pua. Kwenye kioo, rangi ya kijani kama jani la muhogo: SIGNATURE NI YA KWELI.

Chini ya kijani, maneno: «Muungano wa Wavushaji unatangaza kwa huzuni kwamba président wetu, Papa Émile, amekufa.»

“Nani amekufa?” Papa Émile akauliza.

“Ni weye, tonton,” Chimène akajibu kwa huruma.

“Lakini niko mbele yako!”

“Naona, tonton. Lakini iko vert.” Akagusa ile rangi ya kijani kwa kidole.

Mama mmoja wa kwaya, kutoka mstari wa pili, akageuka na kumkunjia uso. “Papa, punguza sauti. Bibi ya marehemu, mujane, iko na huzuni.”

Papa Émile akatafuta mtu mwenye akili. Akamwona Tonton Moussa, mzee mwenye pirogue tatu, kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, macho mekundu kama pilipili. Huyu ndiye aliyemfundisha kupiga kasia, wote wawili wakiwa na meno yote.

“Moussa, ndugu yangu. Uambie batu mimi ni nani.”

Moussa akamwangalia toka kichwa mpaka viatu, polepole, kama mtu anayekagua pirogue ya mitumba.

“Sura ni yako,” akasema. “Sauti ni yako. Lakini nimelia tangu asubui, Émile, na batu yote wameniona. Sasa ile machozi nitairudisha fasi gani?”

Kabla hajajibu, mkono wa mama mpishi ukamkalisha kiti cha nyuma, ukamtia sahani mapajani: pondu ya majani ya muhogo, kipande cha kwanga ya muhogo, na paja la jogoo.

“Kula, papa. Marehemu alikuwa mutu ya kupenda bageni.”

Papa Émile akalitazama lile paja. Lilikuwa na kovu dogo karibu na goti. Alilijua lile kovu.

“Hii ni jogoo yangu!”

“Ilikuwa ya marehemu,” mama mpishi akasema, akaenda zake.

Msicheke. Watu wale hawakuwa wajinga. Mwaka uliopita Muungano wa Wavushaji, wale wanaovusha watu kwa pirogue kati ya mji na Lubunga ng'ambo ya mto, uliteswa na communiqués za uongo, matangazo ya kutunga. Leo groupe ya WhatsApp inasema beach ya Lubunga, bandari ya mitumbwi, imefungwa. Wavushaji wanalala, abiria wanakauka juani. Kesho inasema réunion, mkutano wao, imehamishwa. Nusu wanakwenda huku, nusu kule, na kila nusu inapiga vote yake, kura yake. Ndipo Chimène, anayesoma mambo ya kompyuta, informatique, kwenye université, akasema: nipeni juma mbili.

Akaandika page ndogo kwa JavaScript. Kazi ngumu hakuifanya peke yake. Alitumia bibliothèque ya cryptographie, maktaba ya hesabu za siri. Bibliothèque hiyo haina vitabu. Ni code ambayo wenye kuelewa hesabu kubwa walikwisha kuiandika na kuijaribu, nawe unaiita ikufanyie kazi, kama unavyoazima sufuria kwa jirani badala ya kuanza kufua chuma. Page ilizaa funguo mbili kwa mara moja. Moja ni ya siri: hiyo ndiyo inayotia sahihi, ile wao wanaita signature. Ya pili ni ya wote: hiyo inahakikisha tu, haiwezi kutia. Ya wote waliichora kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa bureau ya beach, herufi sitini na nne. Jephté, aliyeichora, aliruka herufi moja, na kwa siku nane kila communiqué ya kweli ilitoka nyekundu mpaka alipopanda tena ngazi.

Tangu hapo amani ikarudi. Wakapiga vote: yenye sahihi ni kweli, isiyo na sahihi ni uongo. Papa Émile siku ile aliinua mikono yote miwili.

Leo aliikumbuka ile mikono, akatamani angeiacha mfukoni.

“Lete hiyo telefone,” akasema. Akafuta neno «amekufa», akaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje: «iko muzima». Akabonyeza.

Nyekundu. SIGNATURE SI YA KWELI.

“Uongo!” mistari sita ikapiga kelele kwa pamoja. Mama wa kwaya akaongeza, “Na haya hana!”

“Tonton,” Chimène akamvuta kando, “sikiliza vizuri. Machine haijue kufa, haijue kupona. Inajua kitu moja tu: maneno hii ilitiwa signature na funguo ya siri ya Muungano, na hakuna mutu aliigusa kisha, hata virgule. Mutu akitia signature kwa uongo, uongo inatoka vert.”

“Basi waambie!”

“Nimewaambia mara tatu. Banasema mimi ni mutoto, na machine ni machine.”

Hapo toleka ikasimama mlangoni. Juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli ile, Asumani, vice-président, suti nyeusi, miwani nyeusi, kitambaa cheusi tayari mkononi. Akashuka. Akamwona Papa Émile. Akarudi juu ya baiskeli. Mwenye toleka akamwambia amekwisha kufika. Akashuka tena.

Lakini Asumani ni mtu wa siasa. Alijikusanya, akatembea moja kwa moja, akampa mkono.

“Papa président. Pole sana kwa kifo yako.”

“Asumani, usinichezee!”

“Mimi? Kamwe. Niko na heshima kwa marehemu.” Akatoa statut, katiba ya Muungano, kwenye mfuko wa ndani. “Lakini article ya tisa iko wazi. Président anakaa kwa kiti mpaka siku atakufa. Akikufa, vote inafanyika mara moja. Ni leo, saa kumi kamili, hapa hapa, kwa vile viti iko tayari. Anayechaguliwa naye anakaa mpaka kufa.”

Sasa mwelewe kwa nini Papa Émile aliogopa. Miaka kumi na minne alikalia kiti kile cha ubao wa lifaki, mikono ya kiti imechongwa kama pua ya pirogue. Nacho kiko pale, chini ya bâche, kimefunikwa kitambaa cheusi. Hana mali nyingine ya kuonyesha duniani. Mtu akiuliza Lubunga nzima, «Émile yupi?», wanajibu, «wa kiti». Vote ikipita naye bado ni maiti, basi. Atafufuka kesho, ndiyo, lakini atafufuka kama mvushaji wa kawaida anayengoja foleni yake.

Akatazama saa ya Asumani. Saa nane na nusu.

“Chimène. Ni nini inaweza kunifufua mbele ya saa kumi?”

“Communiqué ingine, tonton. Page inachukua maneno, inachukua funguo ya siri, inatoa mustari ya herufi mia moja makumi mbili na munane. Hiyo njo signature. Bila funguo hakuna.”

“Basi tulete funguo!”

Chimène akainamisha kichwa. Na watu wote wanaojua habari ya ufunguo wakainamisha vichwa naye.

Kwa kuwa ufunguo ule, wasomaji wangu, ulikuwa na historia. Chimène alipouchapa juu ya karatasi, aliwaambia comité waziwazi: mpeni mtu mmoja, mwaminifu, auweke asiuonyeshe. Comité ya watu wanane ikashtuka. Kitu kinachojulikana na mmoja na kufichwa saba? Hivyo ndivyo ndoki, mchawi, anavyoingia kwenye nyumba! Ikabishaniwa siku mbili. Mwisho wakafanya walivyozoea kufanya wakiua mboloko, yule swala mdogo, porini Masako: wakagawa. Kichwa, yaani herufi nane za kwanza, kwa président. Kidari kwa vice-président. Miguu, mbavu, mgongo, kwa wenye cheo chao. Mkia kwa Jephté, aliye mdogo. Aliyeshika mkasi alikuwa Mama Marie-Jeanne, bibi ya Papa Émile na secrétaire wa Muungano. Yeye hakupewa kitu, maana secrétaire si comité, anaandika tu.

Kila mmoja akaapa kipande chake hakitatoka mkononi.

“Bon!” Papa Émile akasema, uso ukaanza kurudiwa na rangi. “Ni rahisi. Wote munane tuko hapa, mumekuya kunilia. Kila mutu atoe yake, tunaunga, ninafufuka, tunakula.”

Hakuna aliyetoa.

Mmoja alikohoa. Mwingine akagundua kamba ya kiatu chake imelegea. Jephté akaanza kuhesabu majani ya mti wa avoka.

Papa Émile akaelewa, au alifikiri ameelewa. Communiqué ilitiwa sahihi. Basi kuna mtu aliyepata vipande vyote vinane. Na ni nani anayefaidika?

“Asumani!” Akamshika koti. “Ni weye! Ulizunguka nyumba kwa nyumba, ukanunua batu, ukaunga mboloko nzima, ukaniua!”

“Mimi?” Asumani akapiga yowe. “Mimi nikuue? Mimi hata kidari yangu siko nayo!”

Akaziba mdomo. Amechelewa.

“Uuuuu!” wakasema mistari sita.

“Kiapo, Asumani! Kiapo iko wapi?”

“Niko nayo... yaani, iko fasi nzuri. Nilimupa mutu aniwekee. Mutu ya kuaminika sana.”

“Nani?”

“Jina siseme mbele ya batu.” Akavua miwani. Macho yalikuwa ya mtoto aliyekamatwa na sukari. “Nitasema kwa sikio ya Chimène tu.”

Akainama, akanong'ona. Chimène akasikiliza, akatikisa kichwa, akatia alama ndogo ya kalamu kwenye kiganja chake.

“Na weye, Jephté?” Papa Émile akageuka.

“Mukia yangu iko nyumbani.”

“Nenda uilete.”

“Iko nyumbani... ya mutu.” Naye akaenda kwa sikio la Chimène. Alama ya pili.

Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kuungama. Mmoja alieleza kwamba watoto wake wanachezea karatasi. Mwingine kwamba panya. Wa tano alianza kuapa kwamba hakumpa mtu, kisha akashindwa, akaenda. Tonton Moussa alinong'ona kwa muda mrefu sana, maana hajui kutaja jina la mtu bila kutaja na la baba yake.

Saba. Na kila mara Chimène aliponyanyuka kutoka kwenye nong'ono, macho yake yalizidi kuwa makubwa, na yalikwenda mahali pale pale, kwenye mkeka wa wanawake, kisha yakarudi haraka.

“Umebaki weye, tonton,” akasema. “Kichwa iko wapi?”

Papa Émile alivimbisha kifua. Kichwa! Kichwa hakiwezi kupotea. Siku ile ile ya kugawa, paa lilikuwa linavuja, mifuko yake ina maji ya mto, akaona afadhali kutumia busara.

Hapo akakumbuka busara ile ilikuwa nini.

Akamwinamia Chimène. “Nilimupatia bibi yangu,” akanong'ona.

Chimène akafunga kiganja.

“Tonton,” akasema, kwa sauti ambayo mpaka mama mpishi aliisikia, “weye njo wa munane.”

Jamani! Wanaume wanane walitazamana, kila mmoja na hasira ya mtu aliyedhani ana siri nzuri peke yake.

“Aliniambia ananishikia mimi tu!” Jephté akalalamika, karibu kulia.

“Na mimi alinipikia makayabu, samaki ya chumvi, siku ile!” Asumani akasema.

“Mimi alisema, ‘Tonton Moussa, yako njo ya maana kupita zote,’” Moussa akasema polepole, akavua kofia, akaivaa tena.

Wote wakageukia mkeka.

Mama Marie-Jeanne alikuwa ameketi pale tangu asubuhi, kitambaa cheusi kichwani, miguu imenyooshwa kama mjane anavyotakiwa. Papa Émile akakumbuka kitu kilichomchoma kuliko jogoo: alipoingia mlangoni, watu wote walishtuka. Yeye bibi yake hakushtuka, alisogeza tu begi la samaki alilolitua, lisikae juani.

Alisimama. Akakunja mkeka mara mbili, akaupiga vumbi, akauegemeza ukutani. Akachukua cahier yake ya réunion, daftari lenye jalada la karatasi ya saruji.

“Ndiyo,” akasema. “Ni mimi.”

“Marie-Jeanne!” Sauti ya Papa Émile ilipanda kama ya jogoo yule, Mungu amweke pema. “Miaka makumi mbili na sita ya ndoa! Unaniua kwa telefone?”

“Hakuna mutu alikuua, Émile. Nilitia signature.”

“Ulisema nimekufa!”

“Article ya tisa inaomba ukufe. Haiombe uzikwe.”

Asumani akafungua statut mbio, akafuata mistari kwa kidole, midomo ikicheza. Akageuza ukurasa, akarudi.

“Ni kweli,” akasema kwa mshangao. “Neno ya kuzika haina.”

“Umeona,” Mama Marie-Jeanne akasema. “Na mimi njo niliiandika.”

“Alors nikae maiti mpaka siku gani?”

“Mpaka saa kumi na moja, leo. Nilihesabu vizuri. Ulisema utatoka Yanonge na baleinière, ile mashua kubwa ya jioni. Ni weye ulikuya mbele ya saa. Ungekuta yote imeisha, chakula iko moto, na communiqué ya pili imetumwa.”

“Ya pili gani?”

Akatoa telefone yake, akampa Chimène. Chimène akasoma kwa sauti: «Muungano wa Wavushaji unatangaza kwa furaha kwamba Papa Émile amefufuka, na anaomba radhi kwa wote waliolia.» Akaiweka kwenye page. Akabonyeza.

Kijani.

Parcelle ikalipuka kwa vigelegele. Mama wa kwaya aliyemkunjia uso alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Moussa akaanza kulia upya, akisema machozi ya sasa ni ya bure, ya asubuhi waone wenyewe nani atayalipa.

“Bado,” Mama Marie-Jeanne akasema, akairudisha telefone mkononi mwake. “Hii mumeona hapa tu. Kwa groupe haijatumwa. Na statut inasema, communiqué ambayo haijafika kwa groupe haijatolewa. Weye, Émile, kwa Muungano bado ni marehemu.”

“Tuma!”

“Ngoja.”

“Tuma, bibi yangu! Angalia saa!”

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Kwa kubishana na kunong'ona, jua limekwisha kuvuka bâche. Wavushaji kutoka ng'ambo walianza kuingia mlangoni na kasia zao, kila mmoja akichukua kiti kwa ajili ya vote.

Papa Émile akaona hapa nguvu hazifai. Akapunguza sauti, akamsogelea.

“Marie-Jeanne. Ni juu ya paa? Nitaitengeneza. Kesho asubui napanda.”

“Hapana paa.”

“Ni juu ya siku kumi bila habari? Nakuomba pardon mbele ya batu hawa.”

“Hapana siku kumi.”

“Nilikuletea samaki...”

“Nimeiona. Asante. Hapana samaki.”

Asumani akajiona ameelewa kabla ya wengine. Akanyoosha koti, akapita mbele, mkono kifuani. “Mama secrétaire, naguswa kabisa. Sikujua uliniona hivi. Nakubali kuwa président, nakubali mara moja, na sitasahau mukono yako.”

“Asumani,” Mama Marie-Jeanne akasema, “kaa chini.”

Asumani akakaa chini. Hapakuwa na kiti nyuma yake, akakaa ardhini, na suti yake.

Papa Émile akamtazama bibi yake kama anayemtazama mtu aliyemvusha mara elfu bila kuuliza anakwenda wapi. Kidole cha bibi kilikuwa juu ya telefone. Akibonyeza, bwana yake ni mzima na kiti kina mwenyewe. Asipobonyeza, ni mjane, na kiti kiko wazi kwa dakika nane zilizobaki.

“Basi uniambie,” Papa Émile akasema, na hakuwa na hasira tena, mshangao tu. “Uliunga funguo nzima. Ungeweza kuandika kitu yoyote duniani, na yote ingetoka kweli. Ulitaka nini?”

Mama Marie-Jeanne akainua cahier yake. Wanawake waliokaa naye mkekani wakasogea karibu. Hata wavushaji waliokuwa wanaingia walisimama, kasia begani.

“Miaka kumi na moja,” Mama Marie-Jeanne akasema, “naandika kwa hii cahier, ‘Président amesema.’ Weye unalala kwa réunion, ninaandika umesema. Uko Yanonge, ninaandika umesema. Siku maji ilipanda, ni mimi nilifunga beach batu wasizame, nikaandika umesema. Pirogue ya kila mutu, ninajua fasi inavuja.”

Akavua kitambaa cheusi, akakishika mkononi.

“Kiti, Émile. Nilitaka kiti. Nilitaka siku moja, kabla sijazeeka, niandike, ‘Nimesema.’”